Plasta Juu ya Taa

Kila asubuhi msichana mmoja wa darasa la sita aliamshwa na rungu. Msishtuke, hakuwa akipigwa yeye. Yaliyopigwa ni matairi ya lori la shangazi yake, lililokuwa likilala uani nyuma ya nyumba yao. Ndu, ndu, ndu! Shangazi alilizunguka lori akigonga tairi moja baada ya jingine huku ametega sikio. Tairi lililojaa upepo huitika kwa mlio mkavu, na rungu huruka mkononi. Lililopungua hutoa sauti nzito, kama mtu anayegonga godoro. Msichana alikwisha kuzizoea sauti hizo hata akaweza kujua, akiwa bado kitandani, kama shangazi angeondoka mapema au angeanza kununa.

Madereva wenzake walimwita shangazi Komando, na jina hilo lilimkaa vizuri. Alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu tangu kabla msichana hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Msichana naye, jamani, aliogopa karibu kila kitu. Aliogopa radi, mbwa wa jirani, ngazi, na hata kunyoosha mkono darasani alipojua jibu. Ndiyo maana shangazi alimwita Kifaranga.

"Sijui umemrithi nani," shangazi alizoea kumtania. "Baba yako si mwoga, mama yako si mwoga. Labda walikubadilisha hospitalini!"

Kila mtu alicheka, na Kifaranga alicheka pia. Lakini utani ule ulimuuma, tena ulimuuma sana.

Shule zilipofungwa, ikaamuliwa kwamba aende kwa bibi yake, ng'ambo ya milima. Kwa bahati shangazi alikuwa anapeleka mifuko ya saruji huko huko. Mwaka mzima Kifaranga alikuwa ameota kukaa juu kwenye kiti cha lori na kuiona barabara yote mbele yake.

"Nakuchukua kwa sharti moja," shangazi alimwambia. "Sitaki vilio. Sitaki kusikia 'Shangazi polepole, Shangazi naogopa.' Ukinianzia hayo, ujue hiyo ndiyo safari yako ya mwisho kwenye lori langu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Shangazi."

"Na usimsumbue," mama yake aliongeza huku akimfunga vizuri kamba za viatu. "Shangazi yako yuko kazini."

Wakaondoka asubuhi, kukiwa na baridi na umande juu ya kioo. Lori lilikuwa jipya, ndani bado kunanukia plastiki. Hawajafika hata barabara kuu, Kifaranga akasikia mlio mdogo uliobanwa, kama wa mdudu aliyefungiwa kwenye chupa. Akautafuta kwa macho mpaka akauona unakotoka. Katikati ya dashibodi kulikuwa na kioo kidogo chenye picha ya lori linaloonekana kutoka juu, na kando ya kila tairi paliandikwa namba. Juu ya kioo hicho palikuwa na taa na kitundu cha sauti. Vyote viwili vilikuwa vimebandikwa plasta, ile ile ya kufungia vidonda, na nyuma ya plasta taa ilikuwa inawaka. Wekundu wake ulipenya kwenye kitambaa.

"Shangazi, hiyo nini?"

"Huyo ni Mmbea," shangazi alijibu, akabadilisha gia. "Kila tairi limewekewa kidude ndani. Upepo ukipungua kidogo tu, kinapeleka maneno hapa, na huyu anaanza kupayuka. Asubuhi kukiwa na baridi, analia. Jua likipanda, ananyamaza mwenyewe. Kila siku ndivyo alivyo. Nikaona nimzibe mdomo."

"Lakini kama anasema kweli?"

"Kweli gani! Nina rungu langu na nina masikio yangu." Shangazi alikunja uso. "Tena huyu sina hamu naye. Unamkumbuka Kobe?"

Kifaranga alimkumbuka. Kobe alikuwa utingo wa shangazi katika lori la zamani, mtu mfupi, mcheshi, daima ana vumbi mgongoni. Matairi ya nyuma ya lori hukaa mawili mawili kila upande, moja nje na jingine ndani. Shangazi alikuwa akigonga ya nje, na Kobe aliingia chini ya lori akitambaa chali kwenda kugonga ya ndani. Ndipo alipopata jina lake.

"Tumekula vumbi pamoja miaka yote hiyo," shangazi alisema. "Liliponunuliwa lori hili, tajiri mwenye lori akasema kioo kinaona matairi yote, utingo wa nini? Mtu mzima, ana watoto, karudishwa nyumbani kwa sababu ya kidude hiki. Halafu mimi nikisikilize? Thubutu!"

Kifaranga alikaa akifikiri. Kisha swali likamtoka kabla hajalizuia.

"Sasa ya ndani anayagonga nani?"

"We mtoto una maswali!" shangazi alisema, akaongeza sauti ya redio.

Jua likapanda. Taa nyuma ya plasta ikazima kweli, na mlio ukakoma, kama shangazi alivyosema. Kifaranga akashusha pumzi. Waliimba pamoja na redio, wakala mahindi ya kuchoma, na shangazi akasimulia mambo ya barabarani mpaka wote wawili wakashika mbavu. Kwa muda Kifaranga alisahau kabisa kwamba yeye ni mwoga.

Lakini kile kioo kilikuwa kimeelekea upande wake, na macho hayana pazia. Akawa anazitazama namba za upepo. Karibu zote zilikuwa zinapanda taratibu. Hilo hakulishangaa, kwa sababu mwalimu wa sayansi aliwafundisha kwamba hewa ikipata joto hutanuka. Matairi yanaviringika, yanapata joto, namba zinapanda. Safi. Ila namba moja, ya tairi la nyuma, kushoto, la ndani, ilipanda na wenzake mpaka mia moja, kisha ikakataa kupanda tena.

Baadaye akaitazama, akakuta tisini na sita.

Labda nimeona vibaya, aliwaza. Akajilazimisha kuangalia nje. Barabara sasa ilikuwa inapanda mlima, lori linanguruma, injini inavuta mzigo kwa shida. Aliporudisha macho, namba ilikuwa tisini. Wenzake wote walikuwa wamepita mia moja na kumi.

Taa ikawaka tena nyuma ya plasta.

Kifaranga alimtazama shangazi, aliyekuwa anapiga mluzi akifuatisha wimbo, mkono mmoja kwenye usukani. Alitaka kusema, akasita. Kama angesema, angevunja sharti, angechekwa, na asingepanda lori hili tena. Kama asingesema je? Aliiona barabara pembeni yake ikishukia korongo, na chini kabisa miti midogo kama mboga za bustani.

Themanini na tano.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Naam."

"Kuna namba moja inashuka."

"Achana na Mmbea."

"Lakini nyingine zote zinapanda, Shangazi. Hiyo peke yake ndiyo inashuka. Na jua limeshapanda."

"Kifaranga! Tulikubaliana nini nyumbani?"

"Samahani, Shangazi."

Shangazi aliona uso wake, akalainika kidogo. "Sikiliza. Kule juu kabla ya mteremko kuna uwanja. Malori yote husimama pale, madereva wanaangalia breki na matairi. Nitayagonga yote, utasikia mwenyewe. Umeridhika?"

Kifaranga aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameridhika hata kidogo.

Uwanja wenyewe ulikuwa mahali pa wazi penye madoa ya mafuta na mawe makubwa ya kuzuilia magurudumu. Kando yake palikuwa na banda la mabati la fundi wa matairi, mtu mnene mwenye ovaroli nyeusi kwa grisi, amekaa juu ya tairi kuukuu akinywa chai. Mbele ya uwanja barabara iliinama ghafla na kupotea kwenye kona. Kwenye kona ile vyuma vya pembeni vilikuwa vimevunjika na kukunjwa kuelekea korongoni. Kifaranga hakuuliza vilivunjwa na nini. Chini kabisa, mahali mteremko unapoishia, yalionekana mabati ya soko na watu wengi wakipita huku na huku.

Shangazi aliteremka na rungu lake. Ndu! Ndu! Ndu! Alizunguka upande wa kulia, akazunguka upande wa kushoto. Matairi yote yakatoa mlio mkavu.

"Yameitika vizuri!" fundi alipaza sauti kutoka bandani.

"Umesikia?" shangazi alimwambia Kifaranga, aliyekuwa ameshuka na kusimama kando ya barabara. "Hata fundi amesikia. Haya, panda twende."

Kifaranga hakusogea.

"Panda, bwana, jua linakwenda."

"Sipandi."

"Unasemaje?"

"Sipandi, Shangazi. Naogopa."

Fundi aliangua kicheko. "Komando! Leo abiria wako amegoma!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Shangazi hakupenda kuchekwa, tena mbele ya mtu wa barabarani anayemjua. Uso ukambadilika. Akapanda lori, akaufunga mlango kwa kishindo, akawasha injini.

"Kwa mara ya mwisho," alisema dirishani. "Unapanda au nikuache hapa?"

Lori likasogea mbele kidogo kuelekea mteremko. Machozi yakamtoka Kifaranga. Alitamani ardhi ipasuke imfiche. Lakini alipoiona ile kona yenye vyuma vilivyokunjwa, na shangazi yake amekaa mle ndani peke yake, woga mwingine ukamjia, mkubwa kuliko ule wa kuchekwa. Akakimbia mbele ya lori, akasimama katikati ya njia.

"Niache hapa!" alipiga kelele. "Niache, lakini na wewe usiende! Umegonga ya nje tu, Shangazi! Ya ndani hujayagonga! Kobe hayupo! Hakuna mtu anayeyagonga! Sitaki ufe!"

Breki zikapiga chafya. Injini ikazimwa.

Hakuna aliyecheka sasa. Fundi alikuwa ameweka kikombe chini. Shangazi alikaa kwenye kiti chake akimtazama yule mtoto aliyekuwa analia mbele ya lori kubwa lenye mzigo wa saruji. Kisha akashuka polepole, akawasha tochi ya simu, akaenda nyuma upande wa kushoto. Akainama kati ya matairi, akaingiza kichwa.

Joto lilimpiga usoni kama la mtu anayefunua tanuri. Halafu akaisikia harufu ya mpira unaoungua, na kwenye mwanga wa tochi akaliona lile tairi la ndani. Lilikuwa limelegea na kuvimba ubavuni, linatoa moshi mwembamba.

"Rudini nyuma!" alipiga ukelele. "Fundi, ondoka hapo! Rudini nyuma wote!"

Akatimua mbio, akamkamata Kifaranga mkono, wakakimbia. Kifaranga alijikwaa kwenye jiwe, akaanguka kwa goti. Shangazi akamwinua mzima mzima kama mzigo, wakajitupa nyuma ya ukuta wa banda.

Kishindo kilichofuata kilitikisa mabati. Vumbi na kokoto vikaruka. Kipande cha mpira chenye urefu wa mkono kikaanguka juu ya paa, kikateleza, kikadondoka miguuni mwa fundi. Kisha kukawa kimya, na masikio ya Kifaranga yakabaki yanavuma.

Alikuwa amekumbatiwa kwa nguvu hata hakuweza kupumua vizuri. Mwanzoni alidhani ni yeye anayetetemeka. Kisha akagundua kwamba mikono inayomshika ndiyo inayotetemeka. Komando, ambaye hakuwahi kuogopa kitu, alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Mungu wangu," shangazi alirudia rudia. "Mungu wangu. Ningekuwa kwenye kona. Ningekuwa na wewe ndani."

Walisubiri mpaka joto lilipopungua, ndipo fundi akalitoa lile tairi, au kilichobaki cha tairi. Alilichunguza kwa muda mrefu, akachomoa kitu kwa koleo. Ulikuwa msumari mwembamba, umechakaa kichwa.

"Huu haukuingia leo," alisema, na sasa hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Tairi hili limekuwa likivuja kidogo kidogo. Asubuhi upepo uko chini, taa inawaka. Ukitembea, joto linautanua ule upepo uliobaki, taa inazima. Ukaona ni baridi tu. Leo umepandisha mlima na saruji, likachoka. Tairi la nje likabeba mzigo wa mawili, nawe ukaligonga hilo hilo, mimi na wewe tukafurahi limeitika! Kwenye mteremko lingefuata na lenyewe kupasuka, tena karibu na breki za moto. Dada yangu, mshukuru huyu mtoto."

Shangazi aliingia ndani ya lori, akarudi na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kwenye kidole chake ilining'inia ile plasta aliyoibandua juu ya taa. Kupitia mlango uliobaki wazi mlio wa Mmbea ulisikika sasa waziwazi, mkali, hauzibwi na kitu tena. Akamkalisha Kifaranga juu ya tairi kuukuu, akaliosha goti lake lililochubuka kwa maji safi, akalipangusa, kisha akatoa plasta mpya na kuibandika taratibu juu ya kidonda.

"Kazi ya plasta ni hii," alisema. "Unasafisha kidonda kwanza, ndipo unakifunika. Mimi nilifunika bila kusafisha. Tena nilijiambia ninafanya hivyo kwa ajili ya Kobe! Kobe alipotoka chini ya lori na kusema 'Dada, hili la ndani limelegea,' nilikuwa nasimama papo hapo. Huyu aliniambia maneno yale yale kila asubuhi, nikamziba mdomo. Kobe angenisikia leo, angenizaba kofi."

Kifaranga alifuta machozi kwa mkono wa blauzi. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua.

"Shangazi, nimevunja sharti. Nilisema naogopa."

Shangazi alipiga magoti mbele yake mpaka macho yao yakawa sawa.

"Lile sharti lilikuwa la kijinga, na nimelifuta," alisema. "Sasa sikiliza jipya, ulishike mpaka utakapokuwa mzee. Ukiona hatari, sema. Mkubwa akikucheka, sema. Akikukasirikia, sema tena. Na mtu akikuonya, awe mtoto, awe utingo, iwe taa ya gari, usikasirike wala usimnyamazishe. Simama kwanza, ukaangalie. Kusimama bure hakujamuua mtu yeyote. Nilikuwa nakuita mwoga, mwanangu. Mwoga leo nilikuwa mimi, niliyeogopa kuchekwa na fundi."

"Na mimi nilicheka," fundi alisema nyuma yao, ameinamisha kichwa. "Nisamehe, binti."

Tairi la akiba likafungwa, na tairi jirani lililobebeshwa mzigo likakaguliwa ndani na nje. Shangazi hakuridhika mpaka alipolala chali kwenye vumbi na kuingia chini ya lori mwenyewe, kama Kobe, akagonga kila tairi la ndani kwa nyundo ya fundi. Alipotoka alikuwa na vumbi mgongo mzima. Akampigia tajiri simu kumweleza yaliyotokea, na hakuruka hata lile la plasta. Sauti ya tajiri ilisikika ikifoka kwa muda mrefu. Shangazi akasikiliza yote, kisha akasema, "Ni kweli, kosa ni langu. Lakini tairi halina budi kuonwa na mtu pia. Mrudishe Kobe." Tajiri akasema atafikiri.

Wakapanda. Mteremko ulikuwa mbele yao, ule ule, na kona ile ile yenye vyuma vilivyokunjwa. Shangazi aliweka gia nzito, akashika usukani kwa mikono yote miwili. Redio ilikuwa imezimwa.

"Kifaranga, namba zinasemaje?"

"Zote ziko sawa, Shangazi. Taa imezima."

"Endelea kuzitazama." Lori likaanza kuinama. "Unaogopa?"

Kifaranga alilishika goti lake lenye plasta. Alifikiria kudanganya, akaona hakuna haja.

"Naogopa."

"Na mimi pia," Komando alisema, akakanyaga breki, na wakateremka polepole.